Baraza la nyota: jinsi ya kuanzisha usiku wa kutazama anga Mombasa

Kila jioni ya tarehe 29 ya mwezi wa Kiislamu, hasa Shaaban na Ramadhani, utawakuta watu Mombasa wamesimama juu ya mapaa, wameukabili upande wa machweo, macho yameganda pale jua lilipozama. Mmoja anaelekeza kidole, mwingine anabisha kwamba lile ni wingu, mtoto anapiga kelele kwamba ameuona. Hilo ni kundi la watazamaji wa anga, tena limekuwepo mji huu tangu kabla hakuna mtu aliyefikiria kuliita kwa jina hilo. Nalisema mapema kwa sababu wengi huniuliza: "Nitaanzia wapi, na sina darubini?" Unaanzia hapo hapo juu ya paa. Kazi iliyobaki ni kuwafanya watu wale wale warudi usiku mwingine ambao si wa kutafuta mwandamo, na wakae zaidi ya dakika kumi.

Yafuatayo ni mambo niliyoyaona yakifaa hapa pwani. Mwongozo mwingi wa shughuli hii umeandikiwa nchi za baridi, ambako jua hukawia kuzama na bahari haimsumbui mtazamaji. Sisi tuna mambo yetu: chumvi, unyevu, maji kujaa na kupwa, upepo wa Kusi, na saa zetu wenyewe.

Hatua ya kwanza: watu watatu, wiki mbili, macho matupu

Usitangaze chochote bado. Tafuta wenzako wawili, wawe wa mtaa mmoja nawe ikiwezekana, mkubaliane kutazama anga kila usiku kwa wiki mbili, robo saa tu, kila mtu kwake. Anzeni siku ya mwandamo. Kila usiku andika vitu vitatu: mwezi ulikuwa wapi saa 1 na nusu usiku, umekuwa mkubwa kiasi gani, na nyota gani inayong'aa iliyo karibu nao.

Zoezi hili dogo linafundisha kuliko video nyingi. Ukifika usiku wa tano utakuwa umeona kwa macho yako kwamba mwezi husogea kuelekea mashariki kila siku, na kwamba kila usiku unachelewa kuzama kwa kiasi cha dakika 50. Ukifika wa saba, mwezi nusu utakuwa juu ya kichwa chako wakati wa magharibi. Ukifika wa kumi na nne au kumi na tano utachomoza jua likizama, na wavuvi watakwambia ni bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida. Mtu aliyeyaona haya mwenyewe anaweza kumweleza mwenzake bila kusoma popote, na baraza lako linahitaji watu watatu wa namna hiyo kabla ya kuhitaji kifaa chochote.

Pakua pia programu ya Stellarium kwenye simu. Ni ya bure na inaonyesha kila nyota iliyo juu yako kwa wakati huo. Lakini iwe ya kuhakikisha ulichokwisha kukiona, maana anayetembea na simu mbele ya uso wake macho yake hayazoei kiza kamwe.

Hatua ya pili: chagua usiku wako

Hapa ndipo makundi mengi yanapokosea, kwa hivyo nitakaa kidogo.

Kuna aina mbili za usiku mzuri, na hazifanani. Kama mtakutana ndani ya mji, kisiwani au Nyali au Bamburi, chagueni usiku wenye mwezi: kati ya siku ya 5 na ya 9 baada ya mwandamo. Taa za mji zinaziua nyota hafifu hata hivyo, lakini haziwezi kuuzima mwezi. Katika siku hizo nuru ya jua inaupiga mwezi kwa ubavu, na pale mwanga unapokutana na kiza kila shimo na kila mlima una kivuli chake. Hata darubini ndogo kabisa inaonyesha hayo. Usichague mwezi mpevu. Watu hudhani ndio bora, kumbe wakati huo nuru inaupiga usoni, vivuli hakuna, na unaonekana kama sahani tupu iliyopakwa chokaa.

Kama mtatoka nje ya mji, fanyeni kinyume chake: nendeni katika kiza, siku chache kabla ya mwandamo au moja mbili baada yake. Hapo ndipo Njia Nyeupe, ule ukanda wa nuru hafifu unaokata anga, inapojitokeza.

Sasa bahari. Kiza cha mwezi ni bamvua pia, na Mombasa wakati wa bamvua maji hujaa kama saa 10 alasiri na kupwa kabisa kama saa 4 usiku. Maana yake ni kwamba ukifika ufukweni kupanga vitu jua likizama, maji bado yako karibu, lakini yanaondoka. Kufikia saa 2 una mchanga mpana, mgumu, usiotikisa stendi ya darubini. Hiyo ni zawadi. Onyo liwahusu wanaotaka kukesha hadi alfajiri: maji yanarudi, na alfajiri ya bamvua yanaweza kufika pale ulipotandika jamvi lako. Wakati wa mwezi nusu ni maji mafu, bahari haijai sana wala haipwi sana, na hayo hayakusumbui. Ukiwa na shaka muulize mvuvi yeyote, atakujibu bila kufungua jedwali.

Kuhusu majira, Januari na Februari ndiyo miezi ya kuringa. Kaskazi inavuma, mvua ni chache, anga hukauka. Masika, tangu Aprili hadi Juni, usipange kitu kikubwa. Panga kidogo na uwe tayari kuahirisha. Kusi ikisimama Julai mawingu hupita kwa makundi: unapata nusu saa ya nyota, kisha dakika kumi za manyunyu, kisha nyota tena. Kwa usiku kama huo watu wawe karibu na paa la kujikinga. Agosti na Septemba mambo hutulia, na ndio wakati katikati ya Njia Nyeupe iko juu kabisa mapema usiku. Mvua za vuli huvuruga Novemba lakini baina ya mvua moja na nyingine anga husafishika vumbi, na nyota huonekana kama zimeoshwa.

Hatua ya tatu: chagua pahali

Jambo moja kuhusu Mombasa ambalo watu wa bara wangetuonea wivu: upande wetu wa mashariki hakuna mji. Kuna bahari tu, zaidi ya kilomita elfu moja. Kwa hivyo hata ukiwa umezungukwa na taa nyuma yako, ukitazama baharini kiza kinakuanzia karibu.

Kwa mikutano ya mwezi na sayari, eneo la Mama Ngina lafaa. Taa ni nyingi tangu lilipokarabatiwa, lakini watu tayari wapo, wamekuja kula mihogo na kupunga upepo. Huna haja ya kuwaita. Kuiweka darubini pale wanapopita watu ni mtindo wenye historia yake: mwaka 1968 huko San Francisco, John Dobson na wenzake walianza kuweka darubini kando ya njia na kumwita kila mpita njia aje aone. Darubini walizotengeneza wenyewe zilikuwa rahisi, kasha la mbao linalozunguka juu ya kigoda, na mpaka leo aina hiyo inaitwa kwa jina la Dobson duniani kote. Mama Ngina ni kando ya njia hasa.

Kwa kiza cha kweli, toka. Kusini kuna Tiwi, kaskazini kuna Kikambala na kuendelea. Ukielekea kusini hesabu na muda wa feri ya Likoni, kwenda na kurudi, maana kundi la watu kumi lililochoka saa 6 usiku kwenye foleni halitakuja tena mwezi ujao. Wapo waliopendelea Shimba Hills, kwa kuwa kule juu umeacha sehemu ya unyevu wa pwani chini yako, lakini ni hifadhi ya wanyama, na mambo yake ya ruhusa ni ya peke yake.

Paa la nyumba ni pahali pazuri mno pa kuanzia, ila saruji hutoa joto ililolimeza mchana mpaka kama saa 3 usiku, na joto hilo hutetemesha picha ndani ya darubini. Subirini lipoe, au mwagieni maji mapema jioni.

Ukienda mara ya kwanza mahali popote, nenda jioni peke yako au na mwenzako mmoja, ukae saa nzima. Angalia taa ipi inakupiga usoni, mbwa wako wapi, mlinzi ni nani, na kama kuna mti umeziba kusini. Kusini kwetu ni muhimu, nitaeleza kwa nini.

Hatua ya nne: vifaa, kwa mpangilio wa haja

Cha kwanza ni majamvi. Mtu aliyesimama anatazama juu kwa dakika tatu shingo inamuuma. Aliyelala chali anatazama saa nzima. Cha pili ni tochi yenye mwanga mwekundu: funika tochi ya kawaida kwa nailoni nyekundu ya kufungia zawadi, tabaka tatu au nne, na mpira wa kubania. Jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea kiza, na mwanga mweupe wa sekunde moja hulirudisha mwanzo. Mwekundu haulisumbui sana. Ufukweni una faida nyingine tena, maana taa nyeupe huwapoteza watoto wa kasa wanaotafuta bahari. Cha tatu ni dawa ya mbu. Kahawa chungu na tangawizi sikuihesabu kwa sababu sijui baraza la Mombasa lisilokuwa nayo.

Kisha darubini ya mkono, ile ya macho mawili. Namba zake, mathalani 7x50 au 10x50, maana yake ni inakuza mara 7 au 10 na kioo cha mbele kina upana wa milimita 50. Aina hizo mbili zinatosha kukuonyesha mashimo ya mwezi, Kilimia, kile kishada cha nyota, ikiwa na nyota nyingi kuliko unazoziona kwa macho, na miezi minne ya sayari ya Mshtarii ukiegemeza viwiko mahali imara. Kama pesa ni chache, nunua hii na usione umepungukiwa.

Ukifika kwenye darubini kubwa, jihadhari na boksi lililoandikwa kwamba inakuza mara 500 na zaidi. Kipimo cha kweli ni upana wa kioo: kila milimita moja inabeba ukuzaji wa mara mbili hivi na si zaidi. Darubini ya milimita 60 mwisho wake ni mara 120. Ukiilazimisha zaidi unapata ukungu mkubwa badala ya ukungu mdogo. Kwa baraza, yenye kioo cha milimita 130 au 150 ya aina ya Dobson ndiyo ningeishauri, kwa sababu mtoto anaweza kuisukuma kwa mkono na haina nyaya wala betri za kumwishia mtu katikati ya usiku.

Changeni. Darubini ya watu kumi hutumika kuliko darubini kumi za watu mbalimbali.

Hatua ya tano: ruhusa, usalama, na tangazo

Mwambieni msimamizi wa eneo mapema, na mzee wa mtaa pia. Watu waliokaa kizani ufukweni na chombo kirefu cha ajabu huzua maswali, na ni haki maswali yaulizwe. Tukumbuke tunakaa karibu na bandari ya Kilindini na kambi ya wanamaji ya Mtongwe: usielekeze darubini wala kamera upande huo, hata kwa utani. Kalamu ya leza ya kijani, ile ya kuonyeshea nyota, mimi nimeiacha. Ndege zinazoshuka uwanja wa Moi hupita chini, na mwale mmoja machoni mwa rubani ni hatari kubwa. Mkono uliyonyooshwa na maelezo ya taratibu vinatosha.

Usafiri wa kurudi upangwe kabla ya wa kwenda. Kina mama na wasichana hawatakuja mara ya pili kama mara ya kwanza walibaki kituoni saa 5 usiku wakitafuta tuktuk. Agizeni gari moja la pamoja, na mtaje saa ya kuondoka kwenye tangazo kama mnavyotaja ya kuanza.

Tangazo lenyewe lina mitego miwili. Wa kwanza ni siku. Kwa hesabu ya wazee wetu siku huanza jua linapozama, kwa hivyo "usiku wa Jumamosi" kwa bibi yangu ni ule usiku unaotangulia mchana wa Jumamosi, na kwa kijana aliyesoma shule ni ule unaoufuata. Niliwahi kuandaa kikao ambacho nusu ya watu walikuja siku moja na nusu nyingine kesho yake. Andika hivi: "Ijumaa kuamkia Jumamosi." Hapo hakuna anayepotea.

Wa pili ni saa. Kalenda za matukio ya anga hutolewa kwa saa za kimataifa zinazoanzia Greenwich, nasi tuko mbele kwa saa 3. Wakiandika 18:00, kwetu ni 21:00, yaani saa 3 usiku. Fanya hesabu hiyo mara mbili, kisha ukaandike saa ya Kiswahili peke yake kwenye tangazo.

Wito uwe baada ya isha. Jua letu huzama baina ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo mwaka mzima, na kwa kuwa huanguka karibu wima, kiza kamili hutimia kwa muda wa saa moja na robo hivi. Kufikia saa 2 watu wameshaswali, na anga iko tayari.

Hatua ya sita: usiku wenyewe

Wafikapo, wasalimie, wakalishe, na usiwaonyeshe darubini. Wape majamvi. Waambie wazime simu au wazigeuze kifudifudi. Kwa dakika 20 za mwanzo sema maneno machache na waache macho yazoee, utasikia wenyewe wanaanza: "Mbona zinazidi?"

Baada ya hapo waanzishe na kitu wanachokijua jina. Kilimia, kwa mfano. Jina lake linatokana na kulima, na wazee walikuwa wakisema: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Muulize mkubwa aliyepo kama aliwahi kulisikia. Mara nyingi atakuwa nalo hilo na mengine: habari za Nairuzi, mwaka mpya wa hesabu ya jua, na miongo ya siku kumi kumi waliyoihesabia safari na kilimo. Mwache azungumze. Kwenye kikao kimoja ami yangu, ambaye alikuja kwa kunisindikiza tu, alieleza upepo na nyota kwa nusu saa na hakuna mtoto aliyeinuka.

Baharia wetu waliita pande za dunia kwa nyota. Kaskazini ni Jaha, nyota ya ncha. Kusini ni Suheli. Jaha huioni Mombasa, kwani tuko nyuzi 4 kusini mwa ikweta nayo iko chini ya upeo. Nahodha aliyeondoka hapa na Kusi kwenda Uarabuni aliiona ikiibuka mbele yake na kupanda kadiri alivyozidi kwenda. Aliporudi na Kaskazi, ilishuka mpaka ikazama, akajua yuko karibu na kwao. Suheli tunayo. Februari saa 3 usiku, simama ukabili kusini: ile nyota nyeupe inayong'aa kwa peke yake ndiyo hiyo, ya pili kwa mwangaza katika anga yote, na vitabu vya kimataifa huiita Canopus. Ya kwanza, Sirius, iko juu zaidi kuelekea utosini.

Huo huo usiku Jabari, lile kundi la nyota liitwalo Orion kwa jina la kimataifa, yuko juu ya utosi wako kabisa, na nyota tatu za mshipi wake zimepangana. Chini ya mshipi, penye upanga, elekeza darubini ya mkono: kuna wingu hafifu, ambamo nyota mpya zinazaliwa, umbali wa miaka ya nuru 1,300 na zaidi. Waambie nuru inayoingia machoni mwao iliondoka huko kabla Fort Jesus haijajengwa, na kabla ya karne nyingi juu ya hiyo, maana ngome ilianza kujengwa 1593 tu. Nimeona watu wakinyamaza wakilisikia hilo.

Nilisema kusini ni muhimu. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, katika mwaka mmoja tunaona karibu anga yote, ya kaskazini na ya kusini. Aprili na Mei, saa 4 usiku mawingu yakituachia, Msalaba wa Kusini umesimama upande mmoja na zile nyota saba za Dubu Mkubwa upande wa pili, kwa wakati mmoja. Mtu wa London hauoni ule Msalaba maisha yake yote akiwa kwao. Mei hiyo hiyo, juu ya Msalaba kuelekea mashariki, darubini ya mkono inashika kitu kama pamba ya duara: Omega Centauri, mkusanyiko wa mamilioni ya nyota.

Agosti, mlale chali. Ng'e, kundi la nyota, amejikunja juu yako na mkia wake, moyoni ana nyota nyekundu, na pembeni yake Njia Nyeupe imevimba, kwani huko ndiko katikati ya galaksi yetu. Upande wa kaskazini kuna Batamaji, Cygnus kwa jina la kimataifa. Hapo simama usimulie habari ya nyumbani. Tarehe 12 Desemba 1970, miaka saba kamili tangu Kenya kupata uhuru, setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ikapewa jina Uhuru. Ilirushwa hapa kwa sababu roketi iliyo karibu na ikweta husaidiwa na mzunguko wa dunia. Mojawapo ya vitu ilivyovichunguza ni Cygnus X-1, ndani ya lile Batamaji unaloliona, na uchunguzi ule ukasaidia kutambua kwamba pale pana shimo jeusi. Vijana wengi wa pwani hawajawahi kuambiwa. Waambie.

Sasa ndiyo foleni ya darubini. Kitu kimoja kwa foleni moja, usibadilishe katikati. Watoto mbele, na kigoda cha kusimamia kiwepo. Mfundishe kila mtu asiishike, aweke mikono nyuma, asogeze jicho polepole. Muulize "unaona nini?" wala usimuulize "umeona?", kwa kuwa wengi huitikia "ndiyo" kwa adabu na hali hawajaona kitu. Kwa vitu hafifu mwambie atazame pembeni kidogo ya anachokitafuta. Pembe ya jicho ni kali zaidi kizani kuliko katikati yake.

Kama sayari ya Zohali ipo, iweke mwisho. Kila aliyeziona pete zake kwa mara ya kwanza humwita mwenzake, na foleni huanza upya.

Jua ni jambo tofauti. Usielekeze darubini yoyote kwenye jua bila kichujio maalumu kilichofungwa mbele ya kioo. Jicho huungua bila maumivu na halirudi. Miwani ya kupatwa iwe ya kiwango cha ISO 12312-2.

Hatua ya saba: chumvi na ukungu

Hewa ya bahari inakula vifaa. Mkirudi, futeni stendi na sehemu zote za chuma kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kikavu. Kioo chenyewe kisiguswe na kidole wala shati. Kipulizwe kwa pampu ya mpira. Usifunike darubini ikiwa na umande, iache ikauke kwanza ndani ya chumba. Hifadhini lenzi kwenye boksi la plastiki linalobana, pamoja na vile vifuko vya silika vinavyokuja ndani ya viatu vipya, vibadilisheni vikishiba. Lenzi iliyoota kuvu haiponi vizuri, na hapa kwetu miezi michache ya uzembe inatosha kuiotesha.

Hatua ya nane: daftari na tarehe za mbele

Kila kikao kiwe na daftari moja. Tarehe, pahali, hali ya mawingu, upepo, maji, nani alikuja, nini kilionekana. Baada ya mwaka mmoja mtakuwa na kalenda ya anga ya mtaa wenu ambayo haiuzwi popote. Waandikieni na wenzenu wa kwingine: Nairobi kuna Travelling Telescope ya Susan Murabana na Daniel Chu Owen, ambao wamezunguka mashule ya Kenya na darubini yao.

Tarehe za kuandika tangu sasa. Kila mwaka, usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Desemba, vimondo vya Geminidi: tandikeni majamvi kuanzia saa 5 usiku, kabilini kaskazini na juu, darubini haihitajiki. Februari 2027 Mshtarii itakuwa mkabala na jua kama tarehe 10 na Mirihi tarehe 19, zote mbili zikionekana usiku kucha, katika wiki ambazo Ramadhani inatarajiwa kuanza. Baraza baada ya tarawehe litafaa sana. Jumatatu tarehe 2 Agosti 2027, mchana, jua litapatwa kwa sehemu hapa kwetu, na kupatwa kabisa Luxor, Misri. Na Jumapili tarehe 31 Desemba 2028 mwezi utapatwa wote, kuanzia kama saa 1 na robo usiku hadi karibu saa 2 na nusu.

Mara ya mwisho mwezi ulipopatwa wote mbele yetu mapema usiku ilikuwa Jumapili tarehe 7 Septemba 2025, dakika 82 za wekundu. Mtaani kwetu walianza watu wanne juu ya paa. Kabla haujatoka kivulini ngazi zilikuwa zimejaa, na jirani ambaye hatujawahi kuzungumza zaidi ya salamu alipanda na birika la kahawa na vikombe vyake vyote.